Kila injini iache kitabu chake mlangoni

Mhariri,

Wapo wapenzi wa sataranji hapa Nakuru na kule Kisumu wanaoamini kwamba mashindano ya kompyuta kwa kompyuta hayahitaji kanuni nyingi. Mashine, husema, haina rafiki wa kuinong'oneza, haichungulii ubao wa jirani, wala haiendi msalani na simu mfukoni. Tafuta laptopu mbili zinazolingana, washa saa, ziache zipambane. Naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini laptopu zinazolingana hazitoshi, na kwa nini anayeandaa mashindano ya wanafunzi walioandika wenyewe injini zao, yaani programu za kucheza sataranji, anapaswa kuanza na swali jingine kabisa: hatua kumi za kwanza zimetoka wapi?

Injini ya sataranji ina kazi mbili zinazojulikana na wengi, kutafuta hatua zinazofuata na kuupima mkao wa kete. Nyuma ya kazi hizo hukaa kitu cha tatu, nacho ni kitabu cha ufunguzi. Hiki ni faili tu lenye orodha ya mikao, na kwa kila mkao hatua moja au kadhaa zilizopewa uzito. Mweupe anapoanza ana hatua 20 halali. Mweusi akishajibu mara moja tayari kuna mikao 400 inayowezekana, na kuanzia hapo hesabu haishikiki. Injini yenye kitabu haihesabu chochote katika eneo hilo. Hutazama faili, huchukua hatua, huicheza, na saa yake haipungui. Inaweza kufika hatua ya 15 ikiwa na muda wake wote, huku mpinzani asiye na kitabu ameshatumia robo ya muda na pengine amemfungia askofu wake nyuma ya askari wake mwenyewe.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinamkataza binadamu kutumia maandishi au chanzo kingine cha habari mchezo unapoendelea. Mwanafunzi wa Kenya angekiita kitu hicho mwakenya. Lakini bingwa naye hubeba maelfu ya hatua kichwani, na hakuna msimamizi awezaye kumpekua kichwa. Je, kitabu cha kompyuta ni kumbukumbu au ni mwakenya? Nionavyo, inategemea aliyekitunga. Aliyekaa miezi akichuja michezo, akaupima kila mstari, yaani mfululizo wa hatua za ufunguzi, kwa injini yake na kufuta usioifaa, amefanya kazi ya sataranji. Aliyepakua faili la megabaiti 50 usiku wa kuamkia mashindano hajafanya lolote isipokuwa kununua bando. Tatizo ni kwamba mafaili yote mawili yakiwekwa mbele ya msimamizi yanafanana.

Uzito wa jambo hili ulionekana na dunia nzima tarehe 11 Mei 1997 huko New York. Mchezo wa sita na wa mwisho kati ya bingwa wa dunia Garry Kasparov na kompyuta Deep Blue ya IBM ulikwisha kwa hatua 19 tu, na Kasparov akapoteza pambano zima kwa pointi 2.5 dhidi ya 3.5. Katika ulinzi wa Caro-Kann alisukuma askari hadi mraba wa h6 mapema mno, na mashine ikatoa farasi kafara kwenye e6 katika hatua ya 8. Wengi hudhani kompyuta ilikokotoa kafara ile. La. Ilikuwa imeandikwa kitabuni na timu ya binadamu, ambayo Joel Benjamin, bingwa wa daraja la juu, alikuwa mmoja wao.

Miaka 20 baadaye lawama zikaja kutoka upande wa pili. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero imecheza michezo 100 na injini maarufu ya Stockfish 8, ikashinda 28, ikatoka sare 72 na haikupoteza hata mmoja. Wajuzi hawakubisha kwamba AlphaZero ni hodari. Walichobishia ni masharti: Stockfish ilinyimwa kitabu, ikapewa nyuzi 64 za kuhesabia kwa sambamba lakini gigabaiti 1 tu ya heshi, yaani kumbukumbu ya mikao iliyokwisha kupimwa, na ikalazimishwa kutumia dakika moja kwa kila hatua, jambo lililoifanya akili yake ya kugawa muda isiwe na kazi. Katika makala ya 2018 kwenye jarida la Science, watafiti hao walirudi na michezo 1,000, wakashinda 155 na kupoteza 6, na safari hiyo wakaongeza michezo iliyoanzia kwenye mikao ya TCEC, mashindano ya injini, na mingine ambayo Stockfish ilikuwa na kitabu. Ubishi ukapungua sana. Kilichoupunguza si ukubwa wa ushindi, maana ushindi wenyewe ulionekana mdogo zaidi. Ni mpangilio wa ufunguzi.

Duniani kumekuwa na mapokeo mawili. Mashindano ya dunia ya sataranji ya kompyuta, yaliyoanzia Stockholm 1974 kwa ushindi wa Kaissa ya Muungano wa Kisovieti na kufanywa mara ya mwisho Santiago de Compostela 2024, yaliiachia kila timu ije na kitabu chake, na mtunzi wa kitabu akawa mwanatimu anayeheshimiwa. TCEC, iliyoanzishwa na Martin Thoresen 2010, hufanya kinyume. Waandaaji ndio wanaochagua ufunguzi, na kila mstari huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi. Aliyeichagua mistari hiyo kwa miaka mingi ni Jeroen Noomen, yuleyule aliyewahi kuitungia injini ya Rybka kitabu. Mhunzi wa panga akawa mgawaji wa ngao.

Kwa mashindano ya kwetu nasimama na TCEC bila kusita. Kinachopaswa kupimwa ni programu ya mwanafunzi, na kitabu kinazificha dosari za programu hiyo kwa namna ya ajabu kidogo: kinampa alama mahali ambapo hakufanya kazi, kisha kinamtupa katika mkao asiouelewa. Chukua ufunguzi uitwao kafara ya mfalme, ambapo mweupe hutoa askari wa f4 ili apate kasi ya kushambulia. Kitabu huicheza kwa ujasiri mpaka hatua ya 9. Hapo kinakwisha, injini inafungua macho, inajiona imepungukiwa askari, haioni shambulio lolote ndani ya kina cha utafutaji wake (idadi ya hatua inazotazama mbele), na inaanza kurudisha maaskofu nyumbani. Ukiutazama mchezo kama huo utasema injini ina wazimu. Haina. Imekabidhiwa usukani katikati ya mteremko wa gari lisilo lake.

Uzito wa hatua nao hudanganya. Kitabu cha muundo wa Polyglot, ambao ndio wanafunzi wengi hukutana nao, hutengenezwa kutokana na michezo ya watu: kwa kawaida ushindi huhesabiwa 2, sare 1, kushindwa 0, na jumla ndiyo uzito wa hatua. Lakini bingwa akimpiga mchezaji dhaifu kwa ufunguzi mbovu, kitabu husifu ufunguzi. Mtu akishindwa kwa saa akiwa na malkia wa ziada, kitabu humlaumu malkia. Kuweka sharti kwamba hatua iwe imechezwa angalau mara 3 kabla ya kuingizwa husaidia kidogo, lakini michezo ya dakika tatu ya mtandaoni ina makosa yaleyale yaliyorudiwa mara elfu.

Kisha kuna mitego ya kiufundi inayowaangusha vijana katika hatua ya tano ya mchezo, na kuifanya siku yao iwe ya machozi. Kila ingizo la Polyglot lina baiti 16: baiti 8 za ufunguo wa mkao, 2 za hatua, 2 za uzito na 4 za mafunzo. Faili la megabaiti 1 kwa hiyo lina maingizo 65,536. Namba hizo huandikwa baiti kubwa ikitangulia, ilhali prosesa za laptopu zetu husoma ndogo kwanza. Asiyezigeuza hapati mkao hata mmoja, na injini hukaa kimya kana kwamba haina kitabu. Ufunguo hutokana na namba 781 za nasibu zilizokubaliwa: 768 za kete na miraba, 4 za haki ya kuingia ngomeni (hatua ya pamoja ya mfalme na ngome), 8 za kula kwa kupita (askari kumla askari wa kando aliyepiga hatua mbili) na 1 ya zamu. Ile ya kula kwa kupita huingizwa tu ikiwa kweli kuna askari wa mpinzani aliyesimama kando, tayari kula. Mwanafunzi akiiingiza kila askari anapopiga hatua mbili, injini yake hutoka kitabuni mara baada ya e4. Na mfalme kuingia ngomeni huandikwa kama mfalme anayekwenda kwenye mraba wa ngome yake mwenyewe, e1 hadi h1, si e1 hadi g1. Msomaji wa kitabu asiyelijua hilo atatuma hatua haramu na kupoteza mchezo papo hapo. Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu kijana anayepoteza hivyo huambiwa injini yake ni mbovu, kumbe utafutaji wake ni mzuri kuliko wa wote ukumbini.

Sababu iliyonifanya nishike kalamu hasa ni mstari wa kuua. Injini inayotumia uzi mmoja, isiyo na unasibu ndani yake, ikipewa mkao uleule na muda uleule, karibu kila mara itacheza hatua ileile. Mpinzani mwenye nakala yake anaweza kukaa nyumbani akacheza nayo michezo 200, akapata mmoja aliomshinda, kisha akauingiza mchezo mzima kitabuni, hatua 40, mpaka mwisho. Siku ya mashindano atashinda bila injini yake kufikiri hata sekunde. Ni sawa na kucheza drafti ya vifuniko vya soda na mtu aliyeshajua utasogeza nini mpaka kifuniko cha mwisho. Mbinu hii haikuzaliwa jana. Programu za biashara za miaka ya 1990 zilizoweza kukumbuka mchezo zilioshinda na kuurudia zilizua malalamiko hayohayo.

Basi afanyeje mwandalizi? Kwanza asidanganyike na chaguo liitwalo OwnBook. Itifaki ya UCI, yaani lugha ya mazungumzo kati ya injini na programu inayousimamia mchezo, iliyotolewa Novemba 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, inaipa programu ya usimamizi njia ya kuiambia injini izime kitabu chake. Ni ombi, si kufuli. Injini inaweza kuitikia ndiyo na kuendelea kusoma. Dawa ni ushahidi. Cute Chess, programu ya bure ya kuendeshea michezo, huandika kando ya kila hatua alama iliyotolewa na injini, kina ilichofikia na sekunde ilizotumia. Mstari wa hatua sita mfululizo zilizochezwa kwa sekunde 0.00 na kina cha 1, ukifuatwa na hatua ya sekunde 4 na kina cha 14, unajieleza wenyewe. Anayetaka kuficha anaweza kuifanya injini ilale sekunde mbili kabla ya kujibu, lakini hapo atakuwa amejitoza mwenyewe faini ya muda. Na iwapo mwandalizi anawataka wanafunzi wawasilishe msimbo chanzo, jambo ninalolihimiza, jedwali la hatua elfu tano lililofichwa ndani yake halihitaji mtaalamu kulitambua.

Faili la mistari ya pamoja hutengenezwa hivi. Chukua mkusanyo wa michezo ya wachezaji hodari, kata kila mchezo baada ya hatua 8 za kila upande, yaani nusu-hatua 16. Programu ya pgn-extract hufanya hivyo kwa amri moja. Ondoa mirudio, lakini uilinganishe kwa mkao wa mwisho, kwa sababu njia mbili tofauti huweza kuishia pamoja na ukiilinganisha kwa hatua hutaligundua hilo. Pima kila mkao uliobaki kwa Stockfish hadi kina cha 20 au zaidi, utupe wowote ambao alama yake imepita nusu askari kwa upande wowote. Tupa pia mikao ambayo malkia wameshabadilishwa, na ile inayoelekea moja kwa moja kwenye sare ya marudio ya mara tatu. Halafu tazama uwiano, kwa maana mkusanyo wowote wa michezo ya kisasa utakupa ufunguzi wa Sisilia hadi uchoke. Ukibaki na mistari 200 iliyochanganyika vizuri, unayo ya kutosha miaka kadhaa.

Hapa nina neno kwa wanaofuatilia mashindano makubwa. Wataalamu wa sasa wanapenda funguzi zisizo sawa, kama zile za Stefan Pohl ziitwazo UHO, ambazo humpa mweupe faida ya karibu askari mmoja. Wana sababu. Injini za kiwango cha juu zikianza kwenye mkao ulio sawa hutoka sare karibu kila mara, na sare haimwambii mtu nani bora. Injini za wanafunzi hazina ugonjwa huo. Zinaachia farasi bure katika hatua ya 30 na sare ni adimu. Ukizipa mkao ulioinama, mweupe atashinda michezo yote miwili ya jozi, matokeo yatakuwa 1-1, na mtakuwa mmepoteza stima. Dawa ya mgonjwa mahututi haimfai mwenye mafua.

Mistari isichaguliwe na mtu siku hiyo. Siku kadhaa kabla ya tarehe ya kuwasilisha injini, mwandalizi atangaze alama ya SHA-256 ya faili, herufi na tarakimu 64 zinazobadilika faili likiguswa, bila kulitoa faili lenyewe. Injini zikishapokelewa na kufungiwa, faili litolewe, kila mwenye laptopu aikokotoe alama hiyo na kuhakikisha halijabadilishwa. Kisha namba za mistari ziokotwe hadharani kutoka kwenye kikombe. Hapo hakuna wa kusema mistari ilipangwa kumfaa fulani, na hakuna aliyeweza kuipachika ndani ya injini yake.

Katika cutechess-cli, yaani Cute Chess inayoendeshwa kwa amri za kuandika, kuna mambo mawili ya kuangaliwa sana. Bila chaguo la -repeat pamoja na michezo 2 kwa kila raundi, injini ya pili haitapata mkao uleule kwa rangi nyingine, na jozi yote inakosa maana. Pia, usipoamuru vinginevyo, faili husomwa kuanzia mstari wa kwanza kwa mfuatano. Ikiwa faili limepangwa kwa misimbo ya ECO ya kuainisha funguzi, ambayo huanzia A00 hadi E99, mashindano yote yataanza na vituko vya A00 kama vile askari wa g4, na watazamaji watajiuliza huu ni mchezo gani.

Hesabu ya muda wengi huikosea. Injini 8 zikikutana kila moja na kila nyingine ni mikutano 28. Ukiupa kila mkutano mistari 4, kila mmoja ukichezwa mara mbili, ni michezo 224. Kwa dakika 5 na nyongeza ya sekunde 3 kwa kila hatua, mchezo wa hatua 60 huweza kufika dakika 16, na yote pamoja ni karibu saa 60 kwa mchezo mmojammoja. Kwa dakika 1 na nyongeza ya sekunde 1 mchezo kama huo haupiti dakika 4, hivyo ni saa 15, na ukiendesha minne kwa pamoja kwenye laptopu mbili unamaliza chini ya saa 4. Nachagua muda mfupi na michezo mingi. Michezo 20, hata nusu yake ikiwa sare, huacha kosa la makadirio la takriban pointi 100 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, kila upande. Michezo 56, ambayo kila injini itacheza katika mpango huo, hulipunguza hadi kama 65. Kumvika taji mtu kwa michezo saba ni bahati nasibu.

Injini zote mbili za mchezo ziwe kwenye mashine moja, kila moja na uzi 1 na heshi ya megabaiti 128, na kufikiri kwenye zamu ya mpinzani kuzimwe. Hapo mchezo mmoja hutumia kori moja tu ya prosesa kwa wakati. Laptopu ya kori 4 iendeshe michezo 2, isizidi 3; kori za bandia ambazo mfumo huzionyesha mara mbili zisihesabiwe. Laptopu isiyochomekwa kwenye chaja hupunguza kasi ya prosesa kimyakimya, na joto la mchana wa Kisumu ndani ya ukumbi wa mabati hufanya vivyo hivyo hata ikiwa imechomekwa. Nakuru kuna nafuu. Kwa kuwa injini mbili za jozi ziko kwenye mashine moja, kupungua huko huziumiza sawasawa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoziweka kwenye laptopu mbili za wenyewe. Kwenye ngazi ya dunia tofauti ya mashine iliwahi kuwa kero kubwa: Rybka ilicheza Beijing 2008 ikiwa na kori 40, na mwaka uliofuata huko Pamplona kukawekwa kikomo cha kori 8.

Folda ya kila injini irudishwe kama ilivyopokelewa baada ya kila jozi. Injini kadhaa zilizotokana na Stockfish huandika faili la uzoefu, na faili hilo, likiachwa, ni kitabu kinachojiandika ukumbini. Kuhusu mtandao wa neva ambao Stockfish imeutumia tangu toleo la 12 la 2020, sioni haja ya kuupiga marufuku kwa jina la kitabu, maana mtandao hupima mkao wowote ule, hata ambao haujawahi kuonekana, wala haukumbuki hatua ya mkao fulani. Ila aliyeuweka aonyeshe kwamba ameufunza mwenyewe. Suala la nani ameandika nini si dogo. Mwaka 2011 ICGA, chama kilichoandaa mashindano ya dunia ya kompyuta, iliivua Rybka mataji ya 2007 hadi 2010 kwa madai ya kunakili kutoka injini za Crafty na Fruit, uamuzi ambao wajuzi wanaubishania mpaka leo.

Stima ikikatika katikati ya mchezo, mchezo huo urudiwe kutoka mstari uleule na rangi zilezile. Mwenzake wa jozi uliokwisha ubaki na matokeo yake. Injini ikianguka yenyewe imepoteza. Hukumu ya mapema kwa kutegemea alama za injini isitumike kwa wanafunzi, kwa sababu injini yenye kipimo kibovu inaweza kutangaza 0.00 ikiwa imebakiwa na mfalme peke yake. Badala yake weka majedwali ya Syzygy ya kete 5, yenye matokeo sahihi ya kila mkao wa kete zisizozidi tano, ambayo yote kwa jumla ni kama gigabaiti 1, uyabebe kwenye flashi. Zikibaki kete tano ubaoni, Cute Chess hujua matokeo ya kweli na kuufunga mchezo.

Najua watasema mbona tusicheze mtindo wa Fischer, wenye mipangilio 960 ya kuanzia, ambao hauachi kitabu chochote kikiwa na faida. Ni wazo zuri kwa injini zilizokomaa. Kwa injini za mwaka wa kwanza ni balaa, kwani kuingia ngomeni kwake kuna kanuni tofauti na nusu ya injini hizo zitatuma hatua haramu. Na wanaopenda kutunga vitabu wasidhani nawafukuza. Wapewe siku yao: Stockfish moja pande zote mbili, uzi mmoja, muda mmoja, kilichotofautiana ni kitabu tu. Hapo kazi yao itaonekana peupe kuliko ilivyowahi kuonekana ikiwa imefichwa ndani ya injini ya mtu mwingine.

Injini mbili zikifungana kileleni, mwandalizi arudi kwenye kikombe, aokote mistari mingine miwili ambayo haijatumika, zicheze jozi hizo. Zikifungana tena aokote mingine. Kwa dakika moja na sekunde moja, jozi mbili kwa kawaida hazichukui zaidi ya dakika 16, muda wa kikombe cha chai.

Mpenzi wa sataranji ya kompyuta,
Nakuru